Kwa Athman, kabla kamati ya bajeti haijafika Amu

Malindi, 6 Mei

Sahibu yangu Athman,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo. Kusi imeshika na mashua nyingi za Shela zimevutwa juu. Barua yako imefika. Umeuliza serikali hupanga vipi fedha za silaha, na wewe useme nini kamati ya Bunge ikija kusikiza maoni ya bajeti, maana watu wa Kiunga na Basuba, huko kwenu Lamu, wanataka mashua za doria na magari ya deraya yanayotembea mwaka mzima, si siku ya kupokewa tu.

Ukitoka na jambo moja katika barua hii, liwe hili: bei ya kununua silaha ni sehemu ndogo ya gharama yake. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ambayo imechambua miradi ya silaha kwa miongo mingi, hukadiria kwamba karibu asilimia 70 ya gharama za silaha kubwa katika umri wake wote ni za kuiendesha na kuitunza. Wewe umekulia majahazini, unajua kwamba aliyelipa fundi akasahau kalafati, deheni na tanga la pili hana jahazi. Kwa hivyo swali la kuuliza ni hili: chombo hiki kitahitaji nini kila mwaka baada ya kufika, na fedha hizo zimeandikwa wapi?

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme serikali inataka mashua nne za doria, kila moja shilingi milioni 400. Jumla bilioni 1.6, na hiyo ndiyo itakayotangazwa. Kama hiyo ni asilimia 30 tu ya gharama ya miaka 25, gharama nzima ni bilioni 5.3 hivi, na zile bilioni 3.7 zilizobaki zikigawanywa zinakuwa karibu milioni 150 kila mwaka. Ndani yake mna dizeli, mafuta ya injini, vipuri, kukwangua na kupaka rangi sehemu inayokaa majini, betri, rada, mishahara ya mabaharia, risasi za mazoezi. Tena mashua nne hazimaanishi nne baharini. Wanamaji wa nchi nyingi huhesabu vyombo vitatu ili kimoja kiwe kazini: kimoja kiko doria, kimoja kinatengenezwa, kimoja kinafundisha watu au kinajiandaa kutoka. Anayeahidi mashua nne kati ya Ndau na Kiunga kila usiku hajapiga hesabu hii.

Sasa twende kwenye kitabu chenyewe cha bajeti. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Taarifa ya Sera ya Bajeti hufikishwa Bungeni kufikia Februari 15, na humo ndimo viwango vya juu vya kila sekta huwekwa. Makadirio yenyewe lazima yafike angalau miezi miwili kabla ya mwaka kuisha, yaani kufikia Aprili 30. Ndivyo inavyosema Katiba ya Kenya, kifungu cha 221. Ona basi: kamati ikija kwenu Mei, dari ilishapigwa Februari. Mwezi huu unaweza kusukuma fedha zihame kutoka mstari mmoja hadi mwingine ndani ya wizara, lakini si rahisi kuongeza jumla. Anayetaka kugusa jumla aanze kwenye vikao vya sekta, mwishoni mwa mwaka unaotangulia.

Tafuta Fungu 1041, Wizara ya Ulinzi. Utakuta programu chache: 0801 ni Ulinzi, 0802 Misaada kwa Raia, 0803 Utawala na Mipango, na 0805 ya mambo ya anga za juu. Wengi hupotea hapa. Hufungua upande wa matumizi ya maendeleo wakitafuta silaha, wakakuta kidogo, wakadhani nchi hainunui. Sehemu kubwa mno ya fungu hili imo katika matumizi ya kawaida, na mishahara, chakula, mafuta na vifaa vyote vimerundikwa chini ya 0801. Huwezi kusoma humo kwamba mashua fulani imetengewa kiasi gani cha vipuri.

Mrundiko huo una madhara yake. Hazina ikikosa fedha katikati ya mwaka, mishahara haiguswi. Malipo ya mkataba wa ng'ambo nayo hayaguswi kirahisi kwa sababu kuchelewa kuna faini. Kinachobaki kukatwa ni dizeli, vipuri na saa za mazoezi. Ukataji huo hauonekani mwezi huo wala ujao. Unaonekana miaka miwili baadaye, chombo kimoja kinapofunguliwa ili kutoa vipuri vya kingine. Afrika Kusini walinunua ndege 26 za kivita aina ya Gripen katika mpango mkubwa wa silaha wa 1999. Mnamo Septemba 2021 mkataba wa matengenezo ulikwisha bila mwingine kuwa tayari, na ndege zote zikakaa chini hadi 2022. Ndege zilikuwapo na marubani walikuwapo. Iliyokosekana ni fedha ya kila mwaka.

Chumvi yetu huongeza hesabu hiyo. Injini ya boti inayolala kwenye maji ya Manda haina umri wa injini ile ile kwenye maji baridi ya Ulaya, na ratiba ya matengenezo ya kiwandani mara nyingi imeandikwa kwa hali ya huko. Gari la deraya nalo uzito wake hula magurudumu, springi na breki kwenye barabara za mchanga na vifusi kuelekea msitu wa Boni. Mnunuzi makini huandika kwenye zabuni: joto gani, chumvi gani, barabara gani, na majaribio yafanyike wapi. Mashua ipimwe kiwandani kwanza, kisha ipimwe tena hapa wakati wa kusi. Na kipindi cha dhamana kihesabiwe tangu chombo kianze kazi, kwa sababu kikihesabiwa tangu kiteremshwe Mombasa, miezi ya kusubiri gati, mafunzo na redio huliwa bure, na hitilafu ya kwanza inatokea dhamana imekwisha.

Kuhusu bei zinazotangazwa, soma kilichomo ndani. Januari 2017 Marekani iliarifu Bunge lake juu ya uwezekano wa kuiuzia Kenya ndege 12 za Air Tractor za kubeba silaha pamoja na mbili za mafunzo, kwa makadirio ya dola milioni 418. Watu waligawanya 418 kwa 14 wakapigwa na butwaa, lakini ndani ya jumla ile mlikuwa pia na silaha, msaada wa kiufundi na usimamizi wa mradi. Hata hivyo maswali juu ya bei yaliulizwa hadi ndani ya Bunge la Marekani, na hayo ndiyo matunda ya kuweka jumla na vilivyomo hadharani mapema. Mwaka 2021 kampuni ya Katmerciler ya Uturuki ilitangaza kuiuzia Kenya magari 118 ya deraya aina ya Hızır kwa dola milioni 91.4. Ukigawanya unapata kama dola 775,000 kwa gari. Usiseme ni ghali wala rahisi kabla hujajua vipuri vya miaka mingapi vimo, na mafundi wangapi watafundishwa.

Tena bei hiyo iko kwa dola. Dola milioni 91.4 kwa shilingi 110 ni kama bilioni 10. Kwa shilingi 160, tulikofika mwanzoni mwa 2024, ni bilioni 14.6. Hakuna gari hata moja lililoongezeka. Mkataba wa miaka mitatu au minne ukiandikwa bila akiba ya kubadilika kwa shilingi, tofauti hutoka palepale kwenye dizeli na vipuri.

Wamarekani wana utaratibu wa kuigwa kwa sehemu: fedha za kila aina zina umri wake. Za kuendesha jeshi huisha baada ya mwaka 1, za utafiti miaka 2, za kununua silaha miaka 3, za kujenga meli miaka 5. Na kawaida silaha hupitishiwa fedha yake yote mwanzoni hata kama italipwa polepole. Kwetu, fedha ambayo haikutumika kufikia Juni 30 inakufa. Meli haijengwi kwa mwaka mmoja, kwa hivyo kila Julai mradi unaomba upya kipande chake, na Hazina ikichelewa kutoa, wizara inabaki na bili zisizolipwa. KNS Jasiri, meli ya doria ya jeshi letu la majini, iliandikiwa mkataba 2003 ikafika nchini Agosti 2012, baada ya kukaa Uhispania miaka kadhaa kwa mgogoro wa mkataba. Chombo kilichobuniwa kwa mahitaji ya 2003 kilikuja kwenye bahari yenye maharamia wa Somalia na vita vya mpakani.

Hata hivyo Wamarekani nao huteleza, na pahali wanapoteleza ni pa kuangalia sana: kupunguza idadi au kuchelewesha ili kuokoa. Meli zao za kivita aina ya Zumwalt zilipangwa 32, zikajengwa 3. Risasi maalumu za mizinga yake, zilizobuniwa kwa hesabu ya meli nyingi, zikakadiriwa kufika dola 800,000 kila moja, na 2016 zikaachwa, mizinga ikabaki bila risasi zake. Uingereza nayo iliamua kupunguza mwendo wa ujenzi wa meli zake mbili za kubeba ndege. Wakaguzi wao wakaonyesha kwamba pauni milioni 450 zilizookolewa miaka ya mwanzo zingeleta nyongeza ya milioni 1,124 baadaye. Hasara halisi milioni 674. Gharama za utafiti, mitambo na uwanja hazipungui ukipunguza vyombo. Zinagawanywa kwa vichache zaidi. Swali hilohilo lifuate kiwanda cha bunduki cha Ruiru, kilichofunguliwa Aprili 2021 kwa takriban shilingi bilioni 4, chenye uwezo wa bunduki 12,000 kwa mwaka: oda za mwaka wa kumi ziko wapi, na kila bunduki itabeba mzigo gani wa mitambo oda zikipungua?

Nije kwenye siri, maana utaambiwa "hayo ni ya usalama" ukanyamazishwa. Sheria ya ununuzi ya 2015 inaruhusu vyombo vya usalama kuwa na orodha mbili, ya wazi na ya siri. Ni haki: hakuna sababu adui ajue masafa ya redio au unene wa chuma. Lakini dizeli, sare, chakula, gati, majengo na magurudumu si siri, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anakagua wizara hii kama nyingine. Siri ikifunika bei na wakala, mlipakodi ndiye hulipa. Tanzania ilinunua rada ya BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza, kwa pauni milioni 28, kwa mkopo, wataalamu wakipinga. Mnamo 2010 kampuni ilikiri mahakamani Uingereza kosa la kutoweka sawa kumbukumbu za malipo aliyopewa wakala, na pauni milioni 29.5 zikarudishwa kwa elimu ya watoto wa Tanzania. Uganda nayo, 2011, ilichota kama dola milioni 740 kutoka benki kuu kwa ndege za kivita za Sukhoi, Bunge likaidhinisha baadaye. Katiba yetu, kifungu cha 223, inaruhusu serikali kutumia nje ya bajeti hadi asilimia 10 ya kilichopitishwa, kisha iombe idhini ndani ya miezi miwili tangu fedha ya kwanza itoke. Kwa hivyo bajeti ya nyongeza isomwe kwa makini kuliko ya Juni, kwa kuwa wakati huo hakuna kamati inayozunguka vijijini.

Vyombo vya msaada navyo usivisahau. Boti ya zawadi haina mstari wa ununuzi popote, lakini injini yake ni ya aina nyingine, vipuri vyake ni vya nchi nyingine, na kila aina mpya ya injini inadai ghala lake, vifaa vyake na fundi wake.

Kwenye kikao utapewa dakika chache, basi usitumie hata moja kulaumu. Omba fedha za mafuta na vipuri vya doria za Lamu ziandikwe peke yake chini ya 0801, hata kwa jumla tu bila kutaja chombo. Omba wizara iiambie Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Mashauri ya Kigeni, kwa faragha ikibidi, ni asilimia ngapi ya vyombo viko tayari kila robo mwaka. Omba kila ununuzi mpya uje na makadirio ya miaka 20 ya kuutunza na kiwango cha dola kilichotumika. Hayo matatu hayafichui siri yoyote. Yaandike pia kwenye karatasi, taja Fungu na namba ya programu, na nakala uipeleke kwa Karani wa Bunge la Taifa, kwa sababu ya mdomoni huingia kwenye ripoti kama "wakazi waliomba usalama zaidi" na mambo yakaishia hapo.

Rasimu ukiimaliza nitumie kwa mtu wa basi la asubuhi, nitairudisha siku ya pili yake. Wasalimie mama na watoto.

Nduguyo,
Bakari