Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Picha Tulizotazama na Tulivyobishana

Ndugu wanachama, wazee wetu, ndugu wajumbe wa kamati,

Hesabu za mwaka zimekwisha kubandikwa ukutani na mhazini atazisoma baada yangu, kwa hiyo sitazigusa. Mimi nitazungumzia kazi yenyewe iliyotukutanisha: kutazama picha za sinema, kisha kubaki ukumbini kuambiana tulichokiona. Mwaka huu hiyo kazi ya pili imeipita ya kwanza. Zipo Jumamosi ambazo picha ilikwisha mapema na mabishano yakaendelea mpaka mlinzi akaanza kutuzimia taa moja moja.

Mtakumbuka kwamba mkutano mkuu uliopita ulipitisha jambo lililozua kelele: tuliacha kutoa alama. Zamani karatasi ilizungushwa, kila mtu akaandika namba kuanzia moja hadi kumi, katibu akapiga wastani, tukaagana. Sasa anayesema picha ni nzuri au mbovu hutaja tukio aliloliona kwenye picha hiyo lililomfanya aseme hivyo. Wapo waliolalamika kwamba tumegeuza starehe kuwa mtihani. Mimi niliunga mkono uamuzi ule na bado nauunga mkono. Mmoja akisema saba na mwenzake akasema nne, hawana la kuzungumza zaidi ya kukunjiana uso. Lakini mmoja akisema "pale mama alipofunga mlango," mwenzake naye aliuona mlango ule, na hapo mazungumzo yana pa kuanzia.

Kipimo cha kwanza kilikuwa Vuta N'kuvute, picha ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Ukumbi uligawanyika kabla hata taa hazijazimwa. Upande mmoja walikaa waliokisoma kitabu kidato cha tano na cha sita, tena kwa kukikariri maana mtihani ulikuwa mbele yao. Upande wa pili ambao hawajawahi kukifungua. Wasomaji walikuja na orodha ya vilivyoachwa. Kweli vimeachwa vingi. Picha ya saa moja na nusu haiwezi kubeba riwaya nzima, na hii imeamua kumfuata Yasmin na mpenzi wake Denge, mpigania uhuru, wengine wakabaki pembeni. Lalamiko lao lenye uzito, kwa maoni yangu, lilikuwa kwamba siasa ya Denge imekosa nafasi mbele ya mapenzi yake. Mama mmoja wa upande wa pili akawajibu kwamba yeye aliona usiku wa Unguja ya miaka ya 1950, akaona chumba cha Mwajuma, rafiki wa Yasmin, akamsikia Siti Amina anayemwigiza, ambaye ni mwimbaji wa taarabu hata nje ya picha, na hakuhitaji kuambiwa kwa nini msichana aliyemkimbia mume mzee angependa kubaki mahali pale. Mimi niko upande wa mama huyu, ingawa kitabu changu kimechakaa kwa kusomwa.

Kijana mmoja akataka kuufunga mjadala kwa kutukumbusha kwamba ndiyo picha ambayo Tanzania iliipeleka kuwania Oscar, jambo lililokuwa halijafanyika tangu Maangamizi ya mwaka 2001. Ni sifa kubwa, na nimefurahi kwamba vijana wanaijua. Ila kwa utaratibu wetu sifa hiyo haihesabiki kama hoja, kwa sababu haimo ndani ya picha. Ilibidi atafute tukio. Akalitafuta, na akatetea vizuri.

Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, ya mwaka 2012, ilitupa shida tusiyoitegemea: Kisheng, lugha ya vijana wa mitaani kule. Wenzetu wawili watatu waliowahi kuishi Nairobi waligeuka wakalimani, na ukumbi mzima ukajaa minong'ono. Lakini picha ile ina jambo linalotuhusu sana sisi. Mwas, kijana wa shamba anayetaka kuwa mwigizaji, mwanzoni anauza diski za picha za mapigano kijijini, na namna yake ya kuuza ni kuigiza matukio mbele ya wateja: anarusha ngumi, anatoa milio ya bunduki, anasema maneno ya steringi, yaani shujaa wa picha, na ya adui kwa zamu. Wazee wetu walicheka wakasema hivyo ndivyo walivyosimuliana picha za Kihindi barazani, wakitoka majumba ya sinema ya Avalon au Empire jijini Dar es Salaam, au kule Drive-In ya Msasani, mahali ambapo leo upo ubalozi wa Marekani. Aliyekosa nauli au pesa ya tiketi aliipata picha kesho yake kwa mdomo wa aliyeiona, na mara nyingine, wanasema, ilikuwa tamu kuliko yenyewe.

Picha iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote ni Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018. Jo ni mtoto wa miaka tisa, mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Anapenda picha za mashujaa, na mama yake amemtoa hospitali ili siku zilizobaki azimalizie nyumbani. Dada yake anawashirikisha wanakijiji wote wamfanye aamini kwamba ana nguvu za ajabu. Taa zilipowashwa hakuna aliyetaka kuanza. Mwishowe alianza mwanachama wetu ambaye ni muuguzi. Alisema wengi tutamwona mama kuwa mkali kwa sababu anataka mtoto alale, anywe dawa, apumzike, lakini mama huyo ndiye pekee anayefanya kazi ya kila siku ya kumlea mgonjwa; dada ameleta furaha, na furaha haitaki kuamka usiku. Wazazi wengi ukumbini wakamfuata. Vijana wakasimama na dada: mtoto anayekufa akilazwa kitandani tu, amebakiwa na nini? Nimeongoza vikao vingi, na sijawahi kuona watu wakijibizana kwa upole namna ile huku kila upande ukishikilia lake. Hapakuwa na mshindi. Mwisho wa picha siusemi, kwa ajili ya wanachama wapya.

Hilo linanikumbusha: kusimulia mwisho. Kamati imepokea malalamiko kuhusu mwanachama (anajijua) anayetangulia kutazama nyumbani kisha anakaa safu ya nyuma akihesabu nani atakufa. Steringi hafi, tulizoea hivyo, na huenda ndiyo maana akifa mtu ndugu huyu hupata hamu ya kuwatangazia wenzake. Tafadhali, ndugu yetu.

Tulitazama pia Watu Wote ya mwaka 2017 na Pili ya mwaka huohuo, zikiwa jioni moja, kwa kuwa ya kwanza ni fupi. Watu Wote inatokana na shambulio la basi karibu na Mandera mwezi Desemba 2015, ambapo abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Pili inamfuata mama wa Miono, mkoa wa Pwani, kibarua wa shambani anayeficha kwamba anaishi na virusi vya Ukimwi huku akihangaikia pesa ya kibanda cha biashara sokoni. Zote mbili zinazungumza Kiswahili na zimeigizwa na watu wa huku. Waongozaji ni wageni: Katja Benrath wa Ujerumani na Leanne Welham wa Uingereza. Swali likawa, ni za nani? Mmoja alisema jicho la mgeni hukimbilia maradhi na bunduki. Mwingine akamuuliza ataje tukio lililo la uongo. Akataja moja la Pili, wanawake waliowahi kufanya kibarua cha jembe wakampinga kwamba ndivyo ilivyo. Sikubaliani na wanaosema swali lenyewe halina maana. Ila naona limejibiwa vizuri zaidi na wale waliorudi kwenye picha kuliko waliobaki na pasipoti ya mwongozaji.

Sasa niseme kuhusu tafsiri, maana ndiyo hoja iliyo mbele yetu leo. Baadhi ya wanachama, hasa waliojiunga karibuni kutoka Mbagala na Tandale, picha zao nyingi wameziona kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya video vya mitaani, sauti ya msimulizi ikiwa juu ya sauti za waigizaji. Kuna waliosema hadharani kwamba mtu aliyeona picha kwa tafsiri hajaiona, na maoni yake yasipokelewe. Kauli hiyo iliwaudhi watu, na iliniudhi hata mimi. Lufufu, msimulizi wetu maarufu wa picha, hakuwa akitafsiri neno kwa neno, wala mwenzake VJ Jingo wa Uganda. Msimulizi huongeza utani, humpa adui jina la mtaani, humkemea steringi akizubaa. Kwa hiyo aliyetazama kwa tafsiri ameiona picha pamoja na maoni ya mtu mwingine, tena mtu mwenye kipaji. Kinachotakiwa ni aseme ni tafsiri ya nani, ili tujue kama tunalojadili limetoka kwa mwongozaji au kwa msimulizi. Kamati inapendekeza hivyo, na inapendekeza zaidi kwamba mwaka huu tualike msimulizi mmoja atusimulie picha papo hapo, kisha wiki inayofuata tuitazame picha ileile bila yeye.

Mengine kwa ufupi. Nakala za kuchoma hatuonyeshi tena. Kila picha tuliyoionyesha tangu katikati ya mwaka tulipata kwanza ruhusa ya mwenyewe, na ndiyo sababu Jumamosi mbili zilipita patupu. Projekta inahitaji taa mpya. Safari ya Unguja kwenye tamasha la filamu la ZIFF iliwafurahisha waliokwenda, ingawa ndani ya Ngome Kongwe viti ni vya mawe, na wazee wameomba safari ijayo tubebe mito.

Kura ya mapendekezo ya tafsiri itapigwa baada ya chai. Karatasi ziko kwa katibu, na asiye na kadi ya uanachama amwone kabla hajachukua. Mhazini, karibu.