Kabla hujafunga pampu Pangani

Wateja wanaotupigia kutoka Pangani hushangaa wakisikia ofisi yetu, inayokokotoa kwa kompyuta chumvi ya mtoni inafika wapi, iko Moshi. Bahari iko wapi na Moshi wapi? Lakini maji yao yanaanzia huku. Mto Kikuletwa hukusanya ya milima ya Meru na Kilimanjaro, mto Ruvu huja kutoka upande wa Ziwa Jipe, yote huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo mto Pangani huteremka kupitia Korogwe na mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls hadi baharini. Maji yanayoishia njiani, kwenye mifereji ya Wachagga, mashamba ya umwagiliaji na miji, hayafiki pwani. Mto ukikosa nguvu, maji ya bahari hupanda mtoni.

Swali tunaloulizwa zaidi ni hili: nikifunga pampu hapa, chumvi itanifikia?

Kuonja maji hakutoshi. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, kwa hiyo ni mazito na hupenya chini, maji ya mto yakielea juu. Hali hii huonekana zaidi siku za maji mafu, mawimbi ya kujaa na kupwa yanapokuwa dhaifu na hayachanganyi maji vizuri. Unachota juu kwa kata, unaonja matamu, kumbe mdomo wa pampu yako mita mbili chini unavuta chumvi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita tatu, na maji ya bahari husukumwa mbali zaidi mtoni. Saa sita baadaye picha ni nyingine kabisa.

Na chumvi inayodhuru ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Mavuno ya mahindi huanza kushuka maji ya kumwagilia yakipita desisimensi 1.1 kwa mita, kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme: chumvi ikizidi, nacho huzidi. Hiyo ni kama ndoo moja ya bahari ndani ya ndoo hamsini. Mkulima hawezi kuionja, na shamba linapoanza kuonyesha, msimu umeshaharibika.

Kazi yetu ni kuugawa mto katika vipande kwenye kompyuta, kila kimoja na upana na kina chake. Upande wa juu wa mto tunaingiza kiasi cha maji kinachoteremka, upande wa baharini tunaingiza kujaa na kupwa, halafu programu inakokotoa, hatua kwa hatua, maji na chumvi vinavyohama kati ya vipande. Milinganyo ya mwendo wa maji ni ya Mfaransa Saint-Venant, ya mwaka 1871, na bado inafanya kazi. Kinachoangusha modeli nyingi, yaani mito ya kompyuta kama hii, ni kina cha mto kilichokisiwa. Ndiyo maana tunapima sakafu ya mto kwa mashua kwanza, na vipimo vingine vya chumvi tunaviweka kando bila kuvionyesha modeli, ili tuijaribu navyo. Mtu akikuletea ramani ya rangi nzuri bila vipimo vya kulinganisha, usimlipe.

Uchafu nao tunaufuata kwa njia hiyohiyo. Maji machafu ya viwanda vya mkonge yana mabaki ambayo bakteria huyala huku wakimaliza oksijeni ya samaki. Karibu na bahari hayatoki moja kwa moja: maji yakipwa yanashuka, yakijaa yanarudi, yanazunguka palepale siku kadhaa.

Majibu tunayotoa ni ya vitendo: pampu ihamie juu ya mto umbali gani, au usukume saa zipi za kupwa ukajaze tangi. Ukitutafuta, tuletee mahali penyewe, kina cha mdomo wa pampu na zao unalolima. Vipimo vya mtoni tutavichukua kiangazi, maji yakiwa haba. Vya masika vitakuonyesha mto mtamu ambao miezi mingine haupo.