Barua ya wazi kwa wifi yangu wa Manyoni

Wifi yangu, shikamoo.

Nimekupigia mara nne hupokei. Ule ujumbe wa sauti naona umeusikiliza ukauacha hivyo hivyo. Basi naandika hapa, ambapo binti yako wa mwisho husoma kila ninachoweka. Najua atakusomea jioni mkichambua mlenda, na najua utamwambia "hebu rudia hapo" halafu ujifanye ulikuwa husikilizi.

Najua umenuna kwa sababu tulilala garini uani, si kwenye chumba ulichotuandalia. Basi nianze na siku tuliyofika kwako. Ulitoka jikoni mbio, kanga ya pili unaifunga kiunoni, na kabla hata ya salamu ukauliza, "Nani amekufa?" Mdogo wako, huyu mume wangu, akacheka. Mimi sikucheka. Usiku ule nilihesabu kwa vidole: tangu niolewe kwenu mwaka 1986 nilikuwa nimekanyaga ua wako mara tano. Baba mkwe, mama mkwe, mumeo, na yule mtoto wa kaka yenu aliyegongwa na lori. Mara ya tano ilikuwa harusi, na hata hiyo niliondoka kabla pilau halijapakuliwa kwa sababu nilikuwa na zamu ya usiku wodini. Kutoka Dodoma mjini mpaka kwako ni kilometa mia na ishirini na kitu. Karibu miaka 40, na kila ukiziona sura zetu kuna jeneza. Ulikuwa na haki ya kufunga kanga.

Mdogo wako naye amepita Manyoni mara ambazo hata yeye hazijui. Dereva wa serikali anapita kila mahali. Amewapeleka wakubwa Tabora, Kigoma, Mwanza, akapita mita mia tatu kutoka mlangoni kwako akiwa ameshika usukani, na mkubwa amelala kiti cha nyuma. Mkubwa hasubiri dereva anywe uji kwa dada yake. Amewahi kuniambia kwamba akifika pale kwenye njia ya kuingia kwenu alikuwa anapunguza mwendo kidogo, kama vile kuna tuta. Hakuna tuta pale, wifi.

Ndiyo maana alipotimiza miaka 60 na mafao yakaingia (habari za kikotoo, ile hesabu ya kugawa mafao, tuziache, hiyo ni barua nyingine na itaandikwa na mtu mwenye presha nzuri kuliko yangu), hakutaka kusikia bajaji wala kuku wa mayai. Kila mtu alimletea shauri lake. Jenga vyumba vya kupangisha, wafanyakazi wa wizara wamejaa Dodoma. Nunua shamba la zabibu Hombolo. Wewe mwenyewe ulisema tununue ng'ombe, na hilo lilikuwa shauri la Mgogo halisi, sikushangaa. Akanunua HiAce iliyochoka kubeba abiria, akaipeleka kwa fundi wa kuchomelea, wakang'oa viti vyote vya nyuma. Badala yake kikawekwa kitanda cha vyuma na plaiwudi, godoro la futi nne kwa sita, kabati la vyombo, jiko la gesi la mtungi mdogo, madumu mawili ya maji, sola juu ya paa kwa ajili ya taa na simu. Mapazia nilishona mimi. Namba nyeupe za biashara zikabadilishwa kuwa za njano, kadi ikarekebishwa, na mafaili hayo yalikula muda mrefu kuliko kazi ya fundi.

Watoto wa Dar wakatuuliza kwa nini tujisumbue, si kuna treni ya mwendokasi tangu 2024? Panda. Treni ni nzuri, tumeipanda, inafika Dar kabla miguu haijavimba. Lakini haina njia ya kuingia uani kwa mtu.

Sasa nikueleze tulikotoka kabla ya kufika kwako, maana ulisusa mapema hata hukuuliza.

Tulianza kwetu Kondoa. Unaikumbuka ile barabara ya zamani ya vumbi, masika unalala Kelema na mzigo wako? Siku hizi ni lami moja kwa moja mpaka Babati. Saa nne asubuhi nilikuwa kwa dada yangu nakunywa chai, na yeye pia, nisikudanganye, aliuliza nani amekufa. Pale tulikaa siku sita. Sikumbuki lini nilikaa Kondoa siku sita. Tulizunguka na dada kwenye yale makorongo tuliyokuwa tunachungia mbuzi, kabla serikali haijaondoa mifugo yote mwaka 1979 ili ardhi ipumue. Makorongo mengine yameota miti mpaka nikapotea. Baba yetu alilia siku ile ng'ombe walipoondolewa. Dada alinionyesha mahali alipokuwa amesimama.

Kolo tulilala kwenye kambi ya wageni wanaokuja kuangalia michoro ya mapangoni, ile iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Wenyeji bado wanapanda huko kwa matambiko ya mvua, kwa hiyo si makumbusho tu. Hapo tuliwakuta mtu na mkewe, Wajerumani, wazee kama sisi, na lori la kulala lenye choo, bafu, friji, na ngazi inayojikunja yenyewe. Mdogo wako alilizunguka mara tatu mikono nyuma kama mkaguzi. Yule mama akatuuliza kwa Kiswahili cha kuokoteza tunakwenda wapi. Nikamwambia: kwa wifi. Akauliza wifi ni mbuga gani.

Baadaye nilielewa. Kwao, na zaidi Marekani, wazee wengine huuza nyumba kabisa wakaishi kwenye magari ya namna hiyo, na baridi ikianza huko kaskazini wanashuka kwa maelfu kupiga kambi kwenye jangwa la Arizona. Wana viwanja vyao vya kulipia vyenye umeme na maji. Watoto huwatembelea njiani wakipita. Sisi hapa kwetu kati ya Kondoa na Singida utaegesha wapi usiku, kama si kituo cha mafuta au misheni? Kambi yetu sisi ni ua wa ndugu. Na hapo ndipo matatizo yetu na wewe yalipoanza.

Kupandisha Bereko mpira wa rejeta ulipasuka. Fundi mmoja, sitasema wa mji gani, alikuwa ametuuzia mpira mkuukuu uliopakwa grisi ung'ae. Tulikaa kando ya barabara kwa muda wa saa tatu, nikapika ugali na dagaa, dereva wa lori la vitunguu akasimama kutusaidia akaishia kula nasi. Babati tulilala usiku mmoja. Katesh tulipita polepole bila kuongea. Yale matope ya Desemba 2023 yaliyoshuka kutoka mlima Hanang yaliondoka na watu wengi, na mlima wenyewe siku hiyo ulikuwa umekaa tu, mweupe kwa mawingu, kama haujui kitu. Singida kwa mpwa wako tulikaa siku tatu. Alitupa kuku wanne na dumu la mafuta ya alizeti, kwa hiyo tulipofika kwako tulikuwa wapangaji sita ndani ya HiAce: sisi juu ya kitanda, kuku ndani ya tenga chini yake. Jogoo wa Singida haulizi umelala saa ngapi.

Sasa nifike kwenye shuka.

Uliandaa chumba. Nililiona lile godoro jipya bado lina nailoni pembeni, nikaziona shuka za maua zina mikunjo ya dukani. Ulimhamisha mjukuu wako wa kidato cha nne akalale na wadogo zake. Halafu saa nne usiku mdogo wako akasema tutalala garini, akasema kwa kifupi kama anavyosema kila kitu, akatoka. Asubuhi jirani akauliza kulikoni mgeni kalala nje kama utingo. Ulipoteza uso mbele ya watu. Ningekuwa mimi ningenuna zaidi yako.

Ukweli wake ni huu, na mdogo wako ameniruhusu niuandike baada ya kuhangaika nao siku mbili. Ana tezi dume. Si saratani, amepimwa, kipimo cha damu ni kizuri na daktari anamfuatilia. Tezi imekua tu, kama inavyowakua wanaume wengi wakishavuka miaka 60, ikabana njia ya mkojo. Usiku anaamka mara nne, mara tano. Akiamka hawezi kusubiri, na akifika inachukua muda. Choo chako kiko nyuma, na kutoka kile chumba lazima apite sebuleni walipolala wajukuu wa kike kwenye mikeka. Mwanaume wa miaka 64, mjomba wa mama yao, anaruka miguu ya mabinti gizani mara tano kwa usiku. Aliniambia, "Bora dada akasirike." Garini ana ndoo yake yenye mfuniko, na hakuna anayemsikia isipokuwa mimi na wale kuku.

Mimi nimefanya uuguzi miaka 33. Nimewaambia wanaume wa watu wasione aibu, waseme mapema, wasingoje mpaka mkojo uzibe kabisa waletwe wamejipinda. Wangu mwenyewe alinificha mwaka mzima, nikawa nadhani anaamka kuangalia mpira kwenye simu. Kwa hiyo kosa la kutokukueleza ni letu wote wawili, ila langu ni kubwa zaidi, kwa sababu mimi nilikuwa nimebaki jikoni nawe mpaka saa tano, tunasimulia habari za mama mkwe, na neno lilikuwa mdomoni. Nilichelea kumvunjia heshima mbele ya dada yake mkubwa, nikakuvunjia wewe.

Lile ulilosema asubuhi, "nendeni, si mna nyumba yenu ya magurudumu," alilisikia. Kuteremka Saranda hakusema kitu. Bahi akasimamisha gari akanunua kambale wawili wakavu, akasema ni wako, kisha akakumbuka kwamba Manyoni tumeshaiacha nyuma. Bado ninao, nimewafunga kwenye gazeti.

Tunarudi, wifi. Safari hii tunakuja moja kwa moja kutoka Dodoma, zabibu za mwezi huu zikivunwa, nitakuletea kreti mbili, moja yako na moja ya huyo jirani muulizaji. Tutakaa wiki mbili kama hujachoka nasi. Mimi nitalala chumbani kwenye zile shuka za maua, na mjukuu abaki na kitanda chake, tutabanana naye. Mdogo wako atalala garini uani, na asubuhi atakunywa uji kwako, huo wa ulezi, bila sukari nyingi.

Jambo moja tu la kujiandaa: ule mwarobaini wa getini mpunguze matawi ya upande wa kushoto. Mara iliyopita yalikwangua sola, na mdogo wako bado analisema mpaka leo.