Babu Mkubwa hakuzama na Khedive Ismail

London

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na wote hapo nyumbani. Mimi sijambo, kazi inaendelea. Leo sikuandikii habari zangu. Nakuomba umwite Baba na ndugu zake, mketi pamoja, kisha mmoja wa wajukuu awasomee kwa sauti, kwa sababu haya yanahusu ukoo mzima. Nisikuzungushe: nimempata baba yako mkubwa kwenye makaratasi ya meli, na makaratasi hayo yanaonyesha kwamba hakufa siku ile tuliyoambiwa.

Tangu nikiwa mdogo nimesikia kwamba alizama na meli ya Khedive Ismail. Habari ililetwa na askari aliyerudi mwaka 1944, na kwa kuwa barua za Babu Mkubwa zilikuwa zimekatika mwaka mmoja kabla, kila mtu aliamini. Nani asingeamini? Meli ile iling'oa nanga Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944 kwenda Colombo, katika msafara wa meli tano za abiria zilizobeba askari. Ilikuwa na watu 1,511, wengi wao vijana wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na wanamaji. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga kwa makombora mawili. Ilizama katika muda usiofika dakika mbili. Waliokufa ni 1,297.

Kuna jambo moja nimelisoma kuhusu siku hiyo na bado linaniuma. Nyambizi ilijificha chini ya maji mahali palepale walipokuwa wakielea walionusurika. Manowari za Kiingereza, Petard na Paladin, zilikuwa na wajibu wa kuzilinda meli zilizobaki za msafara, na Petard ikaangusha mabomu ya chini ya maji watu wakiwa bado baharini. Nyambizi ilizamishwa mwishowe, lakini fikiria, Shangazi, mtu ameokoka kuzama na meli kisha anauawa na manowari ya upande wake. Nakuandikia haya ili ujue kwamba wale waliokufa pale nimewasoma kwa heshima yao, hata kama wetu hakuwa miongoni mwao.

Nilianza na orodha za waliokufa. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola inayo kumbukumbu ya majina, na mtu yeyote anaweza kuitafuta kwenye intaneti bila malipo. Askari wa Kikosi cha 301 wameandikwa kwenye ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi. Mabaharia wa meli za biashara wasio na kaburi wameandikwa hapa London, Tower Hill, na wengi wa Asia wameandikwa katika kumbukumbu za nchi zao. Nilitafuta jina lake kwa kila namna ambayo karani wa Kizungu angeweza kuliandika. Hakuwemo. Hilo peke yake halikuwa ushahidi, kwa sababu majina ya watu wetu yaliandikwa ovyo, na mengine hayakuandikwa kabisa. Lakini lilinipa sababu ya kwenda Kew.

Kew ni upande wa magharibi wa London, na hapo ndipo ilipo Hifadhi ya Taifa ya Uingereza. Usidhani ni mahali pa wasomi tu. Unaonyesha kitambulisho na uthibitisho wa unapoishi, unapewa kadi ya msomaji, unaagiza jalada, unaletewa. Kalamu ya wino hairuhusiwi, ni penseli tu, ila kupiga picha ruksa. Orodha za mabaharia zilizosalia za miaka ya 1939 hadi 1950 zimewekwa pale. Kwa miaka mingine zimetawanywa, nitalieleza hilo mbele.

Ugumu ni kwamba hazikupangwa kwa majina ya watu, zimepangwa kwa meli. Kila meli ya Kiingereza ilikuwa na namba yake rasmi ambayo haikubadilika hata meli ikibadilishwa jina au mwenyewe, na ukiwa na namba hiyo ndipo unaagiza jalada. Namba zenyewe utazipata katika Lloyd's Register, vitabu vya orodha ya meli, ambavyo vya miaka ya vita vimeshapigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Bila jina la meli ningezunguka bure. Jina tulilokuwa nalo ni lile ulilolikumbuka wewe kutoka kwenye barua yake ya mwisho. Wewe uliniambia unasita kulitaja, kwamba ulikuwa mtoto na huenda umelisikia vibaya. Shangazi, ulilisikia sawasawa. Bila kumbukumbu yako pasingekuwa na barua hii.

Sasa nikueleze nilichokiona. Safari ilipoanza, nahodha alifunga mkataba na mabaharia wake mbele ya afisa wa bandari, na mkataba huo ni karatasi kubwa yenye safu nyingi: jina, umri, mahali alipozaliwa, meli aliyotoka, siku na bandari aliyopandia, kazi yake melini, mshahara, siku aliyoteremka na sababu yake, kisha sahihi. Waafrika na Wahindi walikuwa na karatasi zao mbali na za Wazungu. Kwenye karatasi hiyo, chini ya serahangi, yaani mnyapara wa mabaharia, na watu wa sitaha, kwenye kundi la watia makaa, yupo. Jina lake na la baba yake. Umri miaka ishirini na sita. Mahali pa sahihi pana alama ya dole gumba, nyeusi, mistari yake inaonekana mpaka leo. Nimekuchapia picha yake kwa ukubwa wake halisi. Ni mkono wake, Shangazi.

Safu ya mshahara ilinikasirisha. Baharia wa Kiasia au wa Kiafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya alicholipwa Mwingereza kwa kazi ileile, na mtia makaa alikuwa chini kabisa ya meli, mbele ya tanuri, mahali ambapo kombora likipiga ni vigumu mno kutoka. Mabaharia wa Kihindi waligoma mwaka 1939 vita vilipoanza, wakaongezewa, ila pengo halikuzibika. Na kuna hili: mpaka Mei 1941, meli ya Kiingereza ikizama, mkataba wa baharia ulihesabiwa umekwisha siku hiyohiyo, hata kama yumo kwenye mashua ya kuokolea akisubiri kufa. Zaidi ya mabaharia 30,000 wa meli za biashara za Uingereza walikufa katika vita ile. Walikuwa raia. Hawakuwa wanajeshi, na ndiyo maana kwa miaka mingi hawakukumbukwa kama wanajeshi.

Mkataba wa kwanza unasema aliteremka Bombay, Desemba 1943, safari ikiwa imekwisha. Hapo ndipo niliposhtuka. Mtu aliyeachwa Bombay mwishoni mwa Desemba angewezaje kuwa Kilindini mwanzoni mwa Februari? Inawezekana, meli za Bombay na Mombasa zilikuwepo. Kwa hiyo nikaagiza orodha ya mabaharia wa Khedive Ismail yenyewe, nikaisoma jina kwa jina. Hayumo.

Nilikwama kidogo, kwa sababu karatasi hizi zinakurudisha nyuma kwa urahisi kuliko kukupeleka mbele. Ile safu ya meli aliyotoka inakuonyesha alikokuwa kabla, na ukifuata moja baada ya moja unamrudia mtu mpaka safari yake ya kwanza. Kwenda mbele hakuna safu. Mtunzaji mmoja wa pale, mama mwenye subira kubwa, akanionyesha kadi za safari za meli. Wakati wa vita kila meli ilikuwa na kadi iliyoandikwa bandari ilizofika, tarehe, wakati mwingine shehena, na ikipigwa au ikizama imeandikwa vilevile. Nikatafuta meli za kampuni ileile zilizotoka Bombay miezi ya mwanzo ya 1944, kisha nikafungua mikataba yake. Mwezi Machi nikamkuta. Jina limeandikwa vingine, herufi mbili zimebadilika, lakini jina la baba yake ni lile, umri umeongezeka inavyopaswa, na kwenye safu ya meli aliyotoka imeandikwa ile meli uliyonitajia wewe. Dole gumba limo. Sina shaka.

Machi 1944, Shangazi. Mwezi mmoja baada ya Khedive Ismail kuzama, Babu Mkubwa alikuwa Bombay anapanda meli nyingine. Mkataba wa mwisho nilionao unamwonyesha akiteremka Calcutta, Novemba 1945. Wajapani walikuwa wameshatia sahihi ya kusalimu amri tarehe 2 Septemba. Alimaliza vita akiwa hai.

Najua swali litakalofuata, na najua litamuumiza nani. Kama alikuwa hai, mbona hakurudi? Sina karatasi inayojibu hilo, na nawaomba msilijibu kwa haraka hapo barazani. Kuna watakaosema alioa huko akatusahau. Karatasi haisemi hivyo. Safu ya sababu ya kuteremka inasema tu kwamba alimaliza mkataba. Mtu aliyeteremka Calcutta mwaka ule angeweza kuugua, angeweza kupanda meli nyingine ya bendera nyingine, angeweza kuwaandikia na barua ikapotea. Bibi alimsubiri shemeji yake mpaka watu wakamwambia aache. Nadhani yeye ndiye aliyekuwa na haki, na natamani angekuwepo kusikia.

Utafutaji haujaisha. Nimeanza mikataba ya 1946 hadi 1950 hapo Kew. Ya kuanzia 1951 nyingi yake, kama asilimia 70, iko chuo kikuu cha Newfoundland, Kanada, mjini St. John's. Ya miaka inayoishia na tano, kama 1955, iko kwenye jumba la makumbusho ya bahari Greenwich, ambako naweza kufika kwa treni. Kanada nitawaandikia, wao hutafuta na kutuma nakala kwa malipo. Kuhusu nishani, mabaharia waliostahili hawakuletewa nyumbani, ilibidi waombe wenyewe, na wengi hawakuomba. Katika kumbukumbu za waliopewa sijamwona. Kwa miezi aliyotumikia anastahili walau nishani ya vita, pengine na nyota ya 1939–45, na nitaiombea familia.

Ninachohitaji kutoka kwenu ni hiki. Kwanza, fungueni lile sanduku la Bibi mtazame kama kuna kijitabu kidogo cha ubaharia chenye picha yake. Ndani pana namba yake ya ubaharia, na namba hiyo itanipunguzia kazi nusu nzima. Pili, bahasha yoyote ya zamani msiitupe hata kama haina barua, mhuri wa posta unatosha. Tatu, muulizeni yule mzee jirani aliyewahi kuwa baharia kama aliwahi kusikia habari za watu wetu walioishi Calcutta baada ya vita, wapi walipanga, nani alikuwa mkubwa wao. Muulizeni mapema. Majibu mnaweza kunitumia kwa sauti kwenye simu, si lazima muandike.

Jina la meli ya pili, namba rasmi za zote mbili na picha za mikataba nimeziweka kwenye bahasha hii, kila kitu nakala mbili. Moja ibaki kwako, nyingine apewe Baba.

Nisalimie wote, wakubwa kwa wadogo.

Mwanao