Barua ya wazi kwa Meya wa Lubumbashi: mbwa wa kazi hapewi dekonti, malipo ya kumaliza kazi

Mheshimiwa Baba Meya,

Ninakuandikia kutoka Kampemba, kwenye parsele (kiwanja cha nyumba) yenye mbwa wanne ambao sikununua hata mmoja. Wote ni berje, wale wa Ujerumani wenye masikio wima na mgongo mweusi. Mimi ni fundi cherehani. Pamoja na wenzangu wanane, kila mtu na kazi yake, tunaokota berje waliotupwa, tunawatibu, kisha tunawatafutia nyumba. Mshahara hatuna, ofisi hatuna. Tuna sufuria mbili kubwa, kamba, na kundi la WhatsApp lisilolala.

Majirani wananiuliza kila siku kwa nini berje tu, na mbwa wa kienyeji wamejaa barabarani. Wana haki ya kuuliza. Mbwa wa kienyeji akipoteza bwana wake anajua njia ya soko, anajua meza ya muuza nyama ipi ina huruma. Berje hajui. Amekulia ndani ya ukuta, amekula kwenye sahani, amefundishwa kwamba mgeni ni wa kuzuiwa. Mtoe nje ya geti: siku ya tatu njaa imemkamata, watoto wanamrushia mawe kwa woga, naye anaonyesha meno kwa woga uleule. Mbwa huyo ana kilo 35, Baba Meya. Mtaa ukishaanza kuogopa, hakawii kutokea mtu mwenye kipande cha nyama yenye sumu.

Wanatoka wapi? Mji wetu unakula kwa shaba na kobalti. Bei ikipanda, nyumba za mitaa ya Golf na Bel-Air zinapangishwa, waya wa miiba unaongezwa juu ya ukuta, kibao cha «Chien méchant», yaani mbwa mkali, kinapigiliwa getini, mbwa analetwa. Bei ikianguka, watu wanafunga mizigo. Tuliliona hilo mwishoni mwa 2008, tukaliona tena baada ya Februari 2025, serikali ya Kongo iliposimamisha kobalti kwenda nje. Mpishi analipwa, zamu, mlinzi wa geti, anapewa dekonti yake, hata jenereta inapata mnunuzi. Mbwa anabaki nje ya geti, na funguo zinarudi kwa mwenye nyumba.

Wengine wanatupwa kwa uzee. Nyonga mbovu ni urithi wa ukoo huu. Akifika miaka 7 au 8 wengi wanaanza kuinuka kwa shida, miguu ya nyuma inatetemeka. Mbwa asiyeweza kukimbia usiku hana mteja.

Mwezi wa tisa mwaka jana, vumbi likiwa bado limetanda, tulimkuta mmoja kwenye njia ya Kasapa. Alikuwa amefungwa kwenye mjakaranda kwa waya wa umeme, na waya umezama katika manyoya ya shingo. Nilimwambia: kaa. Kaa chini. Tulia, baba. Alinitazama tu, kama mgeni aliyeshuka kwenye basi akasalimiwa kwa lugha asiyoijua. Ndipo zamu wa parsele ya pili akapaza sauti kwa Kifaransa kutoka getini: «Assis!», yaani keti. Mbwa akaketi papo hapo, mgongo umenyooka, waya shingoni. Niliukata kwa mkasi wangu wa kitambaa, mkasi ukafa palepale. Sijapata mwingine mzuri kama ule.

Tangu siku hiyo tunaanza na Kifaransa. Leo mbwa yule yuko Katuba kwa bibi mmoja ambaye hajakaa darasani hata siku moja, lakini ukipita jioni unamsikia anaamuru «Couché!», lala chini, mpaka wajukuu wanaanguka kwa kicheko.

Hatutoi mbwa ovyo. Tunaenda kuona ukuta, tunaona mahali atakapolala, tunauliza nani atampikia bukari, yaani ugali, siku baba akisafiri. Anayetaka jike ili auze watoto wake hapati, hata akija na dola mkononi. Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, na berje anaweza kuzaa 8 kwa mara moja. Ndiyo sababu jike hatoki kwetu kabla hajafungwa kizazi.

Chakula tunapata. Kinachotumaliza ni chanjo. Kichaa cha mbwa, dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. OMS, Shirika la Afya Duniani, inasema visa 99 kwa mia vya binadamu vinatokana na mbwa, na kwamba ukichanja mbwa 70 kwa mia ugonjwa unakatika. Kuua mbwa hakuukati. Ukimuua aliyechanjwa, nafasi yake inachukuliwa na asiyechanjwa. Hapa kwetu tuna Kitivo cha Tiba ya Mifugo pale UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kupambana na ugonjwa huu. Jiji likiwaita wanafunzi hao wachanje bure kartie kwa kartie, mtaa kwa mtaa, siku hiyo, sisi tutashika kamba.

Lakini ninaloliomba hasa ni daftari. Kila kampuni au mtu anayeweka mbwa wa ulinzi amwandikishe kwenye huduma ya mifugo: namba yake, chanjo yake, jina la anayemjibia. Siku ya kufunga nyumba au mkataba, aonyeshe mbwa amekwenda wapi. Akikosa pa kumpeleka, atuite kabla ya kurudisha funguo, si baada. Na sisi tupewe karatasi yenye muhuri wa jiji. Wenzangu wawili walipoteza alasiri nzima wakieleza kwamba berje aliye ndani ya gari hawakumwiba. Aliyewasimamisha hakukosea kuuliza, ila wao hawakuwa na cha kuonyesha.

Ukipata nafasi, Baba, karibu Kampemba ujionee. Piga honi kwanza, usisukume geti: mmoja kati ya hawa wanne bado anadhani yuko kazini.

Kwa heshima,
Fundi cherehani wa Kampemba