Barua ya wazi: Dawa zetu zitangulie kusi

Kwa Mheshimiwa msimamizi wa afya, Kaunti ya Lamu

Mheshimiwa, assalamu alaykum.

Nakuandikia kutoka Faza, kisiwani Pate. Nafundisha chekechea, na huu ni mwaka wa sita natumia lithiamu kila usiku kwa ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, ule ambao madaktari huuita baipola. Wengi hapa mtaani watalijua hilo kwa barua hii. Nimelipima, nikaona afadhali wajue.

Mwezi wa saba mwaka jana dawa zilinikatikia siku kumi na moja. Hupewa za mwezi mmoja tu, na siku ya kwenda kuzichukua Lamu bahari ilichafuka. Upepo wa kusi wa Julai unaujua. Mashua hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, maji yakijaa, na siku zile manahodha hawakutaka hata kung'oa nanga. Nilipovuka, siku ya nne, niliambiwa dirishani zimekwisha, nirudi wiki ijayo. Maduka mawili ya dawa niliyoyazungukia hayakuwa nazo.

Dawa hii si kama ya kichwa, kwamba ukiikosa utaumwa kidogo kisha upoe. Ndani ya siku tano hivi huwa imetoka karibu yote katika damu, na ikikatika ghafla ugonjwa huweza kurudi kwa kishindo, hasa ule upande wa kupanda. Daktari akitaka kumwachisha mgonjwa humpunguzia polepole, wiki nne kwa uchache, na ikiwezekana hadi miezi mitatu. Mimi niliachishwa na upepo kwa usiku mmoja.

Usiku wa sita sikulala. Wala sikuchoka, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo: nilijiona mzima kuliko watu wote. Saa tisa za usiku nilikuwa nakanda unga wa mahamri ya kulisha mtaa. Nilikopa vitambaa dukani, nikawaahidi wazazi wa watoto safari ya Mombasa. Mama alipolia, nilimcheka. Jirani akasema nimepandwa, aitwe mganga.

Aliyeniokoa ni dada yangu, pamoja na karatasi moja. Tuliiandika na muuguzi nilipokuwa nimetulia: dalili zangu za mwanzo, simu ya kupiga, mambo ya kufanya. Dada alinichukua simu yenye pesa, akanikataza kahawa, akazima taa baada ya isha, akalala mlangoni. Shemeji alileta vidonge vya kifafa vya mwanawe. Dada akamrudishia, maana dawa ya mtu haiazimwi. Na lithiamu ilipopatikana sikumeza za siku zilizopita kwa mkupuo. Ikizidi mwilini ni sumu, hutetemesha mwili, huumiza figo, huweza kuua. Nilianza tena kwa maagizo ya daktari, na baada ya wiki nikapimwa damu Mombasa, zikiwa zimepita saa kumi na mbili tangu dozi ya mwisho.

Mheshimiwa, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeviweka vituo vya afya vya kaunti na famasia zake mikononi mwa kaunti. Ndiyo maana nimebisha kwako. Sisi tuliotulia na matibabu, tunaoishi ng'ambo ya Mkanda, Faza, Kizingitini, Siyu na Tchundwa, tupewe dawa za miezi mitatu ifikapo Mei, kabla bahari haijafunga. Wanaotumia ARV, dawa za virusi vya Ukimwi, wakiwa imara hupewa za miezi mitatu au zaidi. Najua hofu iliyopo: lithiamu nyingi nyumbani ni hatari kwa aliyekata tamaa. Hofu hiyo ni ya haki, nami nimewahi kufika huko. Basi akabidhiwe ndugu aliyechaguliwa na mgonjwa mwenyewe, kama dada anavyozifungia zangu ndani ya kasha la mama. Au ziwekwe zahanati ya karibu, tuchukue za kila mwezi bila kuvuka. Kwangu hiyo ndiyo njia bora zaidi. Na akiba ikishuka, tupigiwe simu mapema, tusije tukalipa nauli kwenda kuambiwa zimekwisha.

Deni la vitambaa nililimaliza mwezi wa pili. Wazazi wawili bado hawajawarudisha watoto wao darasani kwangu. Kusi linaanza tena Aprili, nami nangoja jibu lako kabla halijavuma.

Wako,
Mwalimu wa chekechea, Faza