Jina la kanga nalo ni ua

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu kanga ilisifia rangi, pindo na mji, yaani mchoro wa katikati, kisha ikafafanua majina, yale maneno yaliyo chini ya mji, kana kwamba ni methali zilizoandikwa ubaoni kwa chaki. Juu ya herufi zenyewe, kimya. Mimi nimechora vibao vya maduka na majina ya majahazi kwa brashi hapa Tanga kwa zaidi ya miaka 20, na kimya hicho kimenikereketa.

Tazama "WEMA HAUOZI". Herufi 10 tu. Kanga ya pili, yenye upana uleule wa mita moja na nusu hivi, inatakiwa ibebe "NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE". Hizo ni 45. Fundi anayeijua kazi hakimbilii kuzibana. Kwanza anazihesabu. Ataona A nane na O sita, yaani pembetatu na duara zinazojirudia, na akizipa nafasi yake mstari wote unageuka pindo jingine ndani ya kanga. Kwenye WEMA, M ni W iliyosimama kwa kichwa! Tena Kiswahili kimejaa A mpaka basi. Zipange moja wima, moja kichwa chini, utapata mkunjo uleule wa ukili wa mkeka. Asiyeamini achukue penseli.

Wazee walilijua hili zamani. Nenda msikiti wa Kizimkazi, Unguja, kwenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Hati ya Kufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, imechongwa pale kibla ikachipua majani, ukawa hujui herufi inakwisha wapi na ua linaanza wapi. Hata majina ya kanga yalianza kwa herufi za Kiarabu, ambazo huvutika na kupinda kufuata nafasi. Za Kirumi hazipindi hivyo, nakubali. Ndiyo maana zinadai mchoraji, si mpiga chapa tu.

Mwaka jana tuliagiza doti za sare kwa harusi ya binti yangu. Kiwanda sitakitaja. Mji ulikuwa wa mikorosho, mzuri kweli, majani yamepishana utadhani yanapepea. Chini yake wakabandika jina kwa fonti ya kompyuta, ileile ya barua za ofisini, wakaivuta kama lastiki mpaka O zikawa mayai yaliyolala. Mke wangu alinizuia nisizirudishe. Nilipouliza, kijana wa kiwanda akanijibu: "Mzee, kwani halisomeki?"

Linasomeka. Hata risiti ya umeme inasomeka.

Kompyuta siigombi, mwenye jicho atachora nayo A nzuri kuliko yangu. Ninachogomba ni kuchora mji kwa wiki nzima, halafu jina likachaguliwa kwenye orodha kwa dakika moja. Jina na mji vichorwe siku moja, na mtu mmoja. Kama mji ni wa mikorosho, basi hata tumbo la B lifanane na korosho.

Ninazo stensili za mkono kama 50 zinazoliwa na mende chini ya kitanda. Mwanafunzi wa sanaa anayetaka kuzinakili aje na karatasi zake. Rangi nitatoa mimi.

Mchora vibao mstaafu,
Ngamiani, Tanga